Mbunge na Mrabaha wa Musonoi

Musonoi, karibu na Kolwezi nchini Kongo, ilikuwa kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, na baada ya utaifishaji wa 1967 ikawa chini ya shirika lililokuja kuitwa Gécamines. Nyumba, shule na matibabu vilitoka kwa kampuni. Mbunge alikuwa na machache ya kueleza. Gécamines ilipodhoofika baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka 1990, malezi hayo yakayeyuka. Leo sheria ya madini ya 2018 inaupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na mamlaka za mitaa asilimia 15. Fedha hizo zinaweza kununua madawati na maji, kwa hiyo taarifa ya mbunge kwa wapiga kura wakati wa likizo ya bunge inawagusa moja kwa moja. Wengine watapinga kwamba ibara ya 101 ya Katiba ya Kongo inamfanya mbunge wa taifa zima, asiyefungwa na maagizo ya wapiga kura. Kweli, lakini kutoamrishwa si kutoulizwa. Tena Lualaba, mkoa wa Musonoi uliomegwa kutoka Katanga 2015, una bunge lake lenye kazi ya kuidhinisha bajeti ya mkoa, na wabunge wake pia wanaweza kuulizwa.