Ugonjwa wa sukari: angalia sahani, angalia pia saa

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu ao Uvira, chungu kinapanda kwenye mbabula mara moja tu kwa siku. Mama anarudi toka sokoni, anapika, watu wanakula saa mbili ya usiku (20h00) ao hata kupita hapo, kisha wanalala. Asubuhi ni chai yenye sukari mingi, ao hakuna kitu. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari, wengine wanaita diabete, ratiba hiyo inaweza kuharibu kazi ya dawa.

Juu ya nini usiku ni mubaya?

Bugali, ndizi, mchele na viazi vikifika tumboni vinageuka sukari, na sukari inaingia katika damu. Kongosho linatoa insulini, ambayo inafungulia sukari mlango ili iingie ndani ya mwili na kutupatia nguvu. Lakini mwili uko na saa yake. Asubuhi na mchana insulini inafanya kazi vizuri zaidi. Giza likiingia, ubongo unatoa homoni ya usingizi inayoitwa melatonini, na kongosho linapunguza mwendo. Kwa hiyo kipande kilekile cha bugali kinapandisha sukari zaidi usiku kuliko asubuhi.

Mwaka 2018, watafiti wa Alabama, Marekani, walitangaza matokeo ya wanaume 8 waliokuwa karibu kuingia katika ugonjwa huu. Kwa wiki 5 walikula ndani ya masaa 6 tu, na chakula cha mwisho kilikuwa kabla ya saa tisa ya mchana (15h00). Insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi na tansio ikashuka, hata kama uzito wao haukupungua. Watu 8 ni wachache, lakini matokeo yanakubaliana na namna mwili unavyofuata saa.

«Mimi nakula mara moja, basi nimeshafunga»

Hapana. Ukishinda njaa mchana kutwa, usiku unakula sahani kubwa, tena wakati mwili uko dhaifu kuipokea. Sukari inapanda, unalala nayo, na asubuhi kipimo kinatoka juu. Hapo mgonjwa analaumu dawa.

Hatari ya kufunga bila shauri

Anayepiga sindano ya insulini ao anayemeza glibenclamide asifunge kwa kichwa chake. Dawa hizo zinashusha sukari hata kama tumbo liko wazi. Dalili ni kutetemeka, jasho baridi, moyo kupiga mbio na kuchanganyikiwa. Watu wanaweza kufikiri amelewa. Sukari ikiwa chini ya 70 mg/dl, mpe vijiko vidogo 3 vya sukari katika maji. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, rudia. Akipona, ale chakula. Akizimia, usimtie kitu kinywani: mkimbize hopitali.

Hii inawahusu wanaofunga siku tatu kwa maombi, na pia ndugu Waislamu wa Maniema na kwingine wakati wa Ramadhani. Dini ya Kiislamu yenyewe inamruhusu mgonjwa asifunge. Anayetaka kufunga aone muganga mapema, ili dawa na saa zake zipangwe upya. Kuacha dawa yenyewe si suluhisho: mwenye kuacha insulini anaweza kufa.

Ufanye nini na chungu kimoja?

Si lazima kununua zaidi. Gawa chakula kilekile namna ingine:

– Wakati wa kupakua, weka sehemu yako moja pembeni, funika vizuri, na asubuhi ipashe moto hadi ichemke. Usiku utakula kidogo, asubuhi utakuwa na nguvu ya kwenda kazini.
– Kama inawezekana, chungu kiive kabla ya saa moja ya jioni (19h00). Anza kupika na maharagi ya kuloweka tangu asubuhi, yanaiva haraka na kuokoa makaa.
– Kula kwanza sombe, lenga-lenga, maharagi ao sambaza. Bugali ije nyuma. Sukari itapanda polepole.
– Kunywa chai bila sukari.
– Ukimaliza kula, usilale palepale. Tembea dakika 10 ao 15. Kama usalama hauruhusu kutoka, zunguka ndani ya parsele.

Ukienda kwenye kituo cha afya, usiseme tu jina la dawa. Mwambie muganga unakula saa ngapi, mara ngapi, na siku gani unakosa kabisa chakula. Dawa inapangwa kufuatana na maisha yako ya kweli, na kama unaficha njaa, anaweza kukuongezea kipimo ambacho kitakuangusha siku ile chungu hakikupanda.