Zika Si Kuzika

Wanafunzi wetu wakisikia "Zika" hufikiria maziko. Sivyo: ni jina la Kiganda la msitu ulio karibu na Entebbe, ambako mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano walipata virusi hivyo kwa tumbili waliyemweka kizimbani. Kwa miaka mingi ugonjwa huo ulidharauliwa: homa kidogo, vipele, basi, wengi hawahisi lolote.

Mwaka 2013 na 2014, katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, watu wazima 42 waliugua Guillain-Barré, yaani kinga ya mwili ilishambulia neva zao wenyewe, miguu ikalegea. Kwa hesabu ya watafiti, hupatwa takriban mmoja kati ya walioambukizwa 4,000. Wagonjwa 12 walisaidiwa kupumua. Hakufa hata mmoja, na baada ya miezi 3 zaidi ya nusu walitembea wenyewe.