Meli Mbili na Daftari la Abiria: Soma Kabla Hujakata Tiketi ya Likizo (Sehemu ya 7)

Nesi wenu nimetoka zamu, chai nimeshakunywa. Mlima Meru leo umejifunika wingu tangu asubuhi na baridi ya Arusha mnaijua, kwa hiyo vuta kiti, jifunike khanga, tuendelee na historia zetu.

Wiki hii kwenye kikundi chetu cha wanawake kazini mada ilikuwa moja tu: likizo ya Desemba. Dada mmoja mwenyeji wa Kagera ameshatushawishi watu sita twende kwao. Basi kutoka Arusha mpaka Mwanza, halafu meli ya usiku mpaka Bukoba. Sisi watu wa huku maji yetu ni Ziwa Duluti na chemchemi za Meru, meli tunaziona kwenye simu. Basi mmoja akatuma picha mbili: New Victoria na MV Mwanza. Maswali yakaanza. Ipi mpya zaidi? Ipi ina vitanda vizuri? Ipi ina mgahawa? Nauli je?

Ni maswali mazuri, na hata mimi nayapenda. Ukisoma sifa za hizo meli utavutiwa. New Victoria ina uwezo wa abiria 1,200. MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, nayo ni abiria 1,200, pamoja na tani 400 za mizigo, magari madogo 20 na malori 3, na urefu wake ni mita 92.6. Lakini nilivyosoma ule mjadala mpaka mwisho, kuna swali moja hakuna aliyeuliza: nani anahesabu watu wanaopanda?

Nikawaambia subirini. Kabla hatujalinganisha hizi mbili, niwasimulie kwanza meli mbili za zamani kwenye ziwa hilohilo, MV Victoria na MV Bukoba.

Tuanze na Victoria. Meli hii ilitengenezwa Glasgow, Uskochi, kwenye kiwanda cha Yarrow. Sasa jiulize, meli kubwa namna hiyo inafikaje ziwani, wakati ziwa halina njia ya kwenda baharini? Ilijengwa kule, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa bahari mpaka Mombasa, ikapandishwa treni mpaka Kisumu, na hapo ikaungwa upya. Ilianza kazi mwaka 1961 chini ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki. Ilikuwa inazunguka ziwa zima: Kenya, Uganda na Tanganyika, meli moja, nchi tatu.

Hapa ndipo Arusha yetu inapoingia. Mwaka 1967 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa, makao makuu yake yaliwekwa hapa mjini. Reli, ndege, posta na meli za ziwani vilikuwa mali ya pamoja, na ofisi kuu ya hiyo pamoja ilikuwa hapa chini ya Meru. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Wazee wa Arusha na Longido wanakumbuka mpaka wa Namanga ulivyofungwa mwaka huo na kukaa umefungwa mpaka 1983. Mali zikagawanywa kama ndugu wanaogombana wanavyogawana vyombo vya mama yao, na Victoria ikaangukia Tanzania.

Miaka miwili baadaye, 1979, ndipo MV Bukoba nayo ikaanza kazi ziwani. Ilikuwa na uwezo wa abiria 430 na tani 850 za mizigo, chini ya Shirika la Reli Tanzania. Kwa watu wa Kagera meli haikuwa anasa. Barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa ndefu na mbovu, kwa hiyo meli ndiyo ilikuwa basi lao, gari lao la ndizi, na njia yao ya kwenda shule, hospitali na msibani.

Sasa fanya kama uko Bukoba mwezi Mei mwaka 1996, unataka kwenda Mwanza, na unazilinganisha meli hizi mbili kama tulivyofanya sisi kwenye simu. Victoria ina miaka 35. Bukoba ina miaka 17, yaani nusu ya umri wa mwenzake. Kwa kuangalia umri tu, ungechagua ipi? Mimi ningechagua Bukoba, nakwambia ukweli.

Usiku wa tarehe 20 Mei 1996 MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapita Kemondo kuchukua abiria wengine na mizigo, ikaelekea Mwanza. Asubuhi ya Jumanne tarehe 21, kabla haijafika, ikapinduka. Wanaohesabu waliokufa hawakubaliani mpaka leo. Utasikia zaidi ya 500, utasikia karibu 900. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wapiga mbizi walikuja mpaka kutoka Afrika Kusini kusaidia kutoa miili. Wengi waliozikwa kwa pamoja wako Igoma, Mwanza. Ukifika huko na una muda, pita uwasalimie.

Kwa nini meli inapinduka? Nitaeleza kwa namna ya jikoni. Mama akibeba ndoo kichwani anatembea vizuri kwa sababu ameituliza katikati. Ndoo ikilala upande mmoja, na yeye analala. Meli nayo inataka uzito wake ukae chini na katikati. Ndiyo maana chini kabisa huwa na matangi ya kujazwa maji ili iwe nzito huko. Ukijaza mizigo na watu juu, au mizigo ikahama, au watu wakakimbilia upande mmoja, uzito unapanda na kuegemea. Meli inalala kidogo, watu wanateleza kuufuata upande uleule, inalala zaidi. Baada ya hapo hakuna nahodha wa kuirudisha.

Lakini kilichonikaa mimi moyoni ni kile kilichosemwa kuhusu orodha ya abiria. Daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa: watu 443. Angalia vizuri, hao peke yao tayari wamezidi ile 430. Daraja la tatu, la nauli ndogo, halikuwa na orodha kabisa. Mwenye hela jina lake lipo kwenye karatasi. Mama wa ndizi, mwanafunzi, kijana anayekwenda kutafuta kazi Mwanza, hayupo.

Mimi ni nesi, nitawaambia hilo lina maana gani. Kila asubuhi kabla sijampokea mwenzangu zamu, tunapita kitanda kwa kitanda, tunahesabu. Rejista inasema wagonjwa 32, vichwa viwe 32. Wakiwa 31 hakuna anayeondoka mpaka tujue wa 32 yuko wapi. Kuna siku wakubwa wanachoka na hii hesabu, wanasema mnachelewesha. Lakini bila hesabu hujui umpe nani dawa, hujui ni nani amepotea, na akifa hujui umwite ndugu gani. Jina lisiloandikwa linamaanisha mtu ambaye hakuna anayemtafuta.

Kuna jambo lingine la siku ile ambalo wengi mmelisikia. Meli ilipopinduka haikuzama yote mara moja. Ilielea tumbo juu, na ndani kulikuwa na watu hai, waliokuwa wanagonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imebanwa ndani ndiyo ilikuwa inaielesha. Ilipotoka kwenye lile tundu, meli ikazama. Jaribu nyumbani: ingiza glasi kichwa chini kwenye beseni la maji, utaona hewa inabaki ndani. Sasa ingekuwa na tundu juu, maji yangejaa papo hapo. Sisemi haya kuwalaumu waliokuwa pale, walitaka kuokoa. Nasema kwa sababu kwenye kazi yangu tunajua kwamba huruma bila mafunzo inaweza kuua, na mafunzo yanatakiwa kuwepo kabla ya siku ya msiba.

Na Victoria, ile ya 1961? Iliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi, ikasimama kwa matengenezo makubwa, na mwaka 2020 ikarudi majini kwa jina la New Victoria. Ndiyo hiyohiyo ya kwenye picha tuliyotumiwa kwenye kikundi! Bibi wa 1961 bado anabeba watu, na yule mdogo wake wa 1979 yuko chini ya maji.

Najua kuna mtu anasema, hayo ni ya ziwani, mimi naenda zangu Zanzibar. Haya, twende baharini.

Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011, MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa meli ya Ugiriki ya mwaka 1967, yenye kibali cha abiria 645. Ilizama usiku wa manane, kuamkia tarehe 10, usawa wa Nungwi, ikiwa na watu wengi kuliko kibali chake. Siku za mwanzo miili iliyohesabiwa ilikuwa 203. Baadaye, tume ilipohesabu waliopotea, idadi ikapanda kupita elfu moja. Fikiria tofauti hiyo. Watu mamia wamekufa na hakuna karatasi iliyokuwa inajua kwamba walipanda. Ikabidi hesabu ijengwe upya baada ya msiba, wakati ilitakiwa iwe mezani kabla ya kamba kufunguliwa.

Ukiwa Dar mwaka uliofuata ungesema, sitaki meli kuukuu, nataka boti ya kisasa. Ilikuwepo: MV Skagit, iliyojengwa Marekani mwaka 1989, iliyobeba abiria kwa miaka mingi upande wa Seattle. Kwa kulinganisha, ni mpya kwa miaka 22 kuliko Spice Islander, na imetoka nchi kubwa. Lakini maji ya Seattle ni ya ghuba, yamezungukwa na nchi kavu na visiwa. Mkondo wa Zanzibar mwezi wa saba, upepo wa kusi ukiwa umeamka, ni kitu kingine. Tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar, Skagit ilipinduka karibu na Chumbe. Kibali chake kilikuwa watu 250. Ndani walikuwemo takriban 290, watoto 31 kati yao.

Kwa hiyo umeona: kuukuu imezama, ya kisasa imezama, ya ziwani imezama, ya baharini imezama. Umri na rangi na kiyoyozi havikutofautisha. Kilichofanana kwenye zote tatu ni idadi ya watu ndani kupita idadi iliyoandikwa.

Sasa sisemi msisafiri, jamani. Mimi mwenyewe naenda Bukoba, nauli nimeshaanza kuweka. Nasema ukilinganisha meli mbili, ongeza haya kwenye maswali yako.

Moja, uliza uwezo wake wa abiria, na ukifika bandarini angalia kwa macho yako. Ukiona watu wamekaa kwenye ngazi na njia za kupita, shuka. Hela ya tiketi inatafutwa tena.

Mbili, siku hizi ukikata tiketi unaombwa jina na kitambulisho. Usikasirike, na usisafiri na tiketi ya jina la shoga yako eti yake ilibaki. Ukifanya hivyo unajiingiza mwenyewe kwenye lile daraja la tatu la 1996. Watoto nao, hata wa kubebwa mgongoni, hakikisha wameandikwa.

Tatu, ukipanda tu, kabla ya kupiga picha, tafuta jaketi la kujiokolea liko wapi na livae mara moja ujue kamba zake. La mtoto ni tofauti na la mtu mzima, ulizia.

Nne, uliza kuhusu hali ya hewa, na nahodha akiahirisha safari mshukuru. Nimeona watu wanavyogombana na makarani kwa sababu safari imesogezwa. Kelele za abiria nazo ni upepo, zinaweza kuisukuma meli isipotakiwa kwenda.

Tano, mwachie ndugu wa nyumbani jina la meli, saa ya kuondoka na namba ya tiketi yako.

Kwenye kikundi chetu tumekubaliana hivi: tutachagua meli ya ratiba inayotufaa, na dada wa Kagera atakuwa na daftari la majina yetu saba, nakala moja inabaki hapa Arusha. Mmoja alicheka akasema, "Nesi, umetugeuza wodi." Nikamwambia ndiyo, na asubuhi tukishuka nitahesabu vichwa.

Mwisho, ombi. Kama una ndugu, jirani au mwanafunzi mwenzako aliyekuwa MV Bukoba, hasa wale wa daraja la tatu, tuandikie hapa chini jina lake la kwanza tu na alikuwa anakwenda kufanya nini Mwanza. Mstari mmoja unatosha. Nitayasoma yote nikirudi zamu ya usiku.