Kahawa, Redio na Kishikwambi

Mapadre Weupe walipoweka misheni Kashozi, Bukoba, mwaka 1892, chombo cha kujifunzia kilikuwa kitabu, na kitabu kilikuwa adimu. Kahawa ndiyo iliyopanua mlango. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, kilichoanzishwa 1950, kilikusanya kahawa ya maganda ya wakulima wadogo, na sehemu ya ushuru wa zao hilo ikaenda shuleni. Hata hivyo, mwenye kibanja kikubwa ndiye aliyetangulia kusomesha. Mpangaji wa nyarubanja, aliyelima ardhi ya bwana wake na kumlipa kodi, alipata karo kwa taabu, na mfumo huo ulifutwa kwa sheria baada ya Uhuru.

Kisha likaja jambo ambalo naona tumelisahau upesi mno. Kati ya 1968 na 1972, Serikali na UNESCO waliendesha mradi wa majaribio wa kisomo katika mikoa minne ya kanda ya ziwa, ukiwemo Ziwa Magharibi, jina la Kagera hadi 1979. Vitabu vyake vilihusu kazi za watu wenyewe: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Maktaba zilifunguliwa vijijini ili aliyejua kusoma asisahau. Ulikuwa mradi wa watu wazima, lakini mpangilio wake ndio ninaoupigania kwa ajili ya watoto: chombo kilifika pamoja na mwalimu aliyeandaliwa na maandishi ya kuendelea kusoma, na mkulima hakudaiwa gharama ya kukileta.

Shuleni, redio ilileta vipindi kutoka Dar es Salaam, ila ilidai betri, na betri ilidai pesa. Elimu ya Msingi kwa Wote ya 1977 ilijaza madarasa kuliko madawati. Miaka ya 1980 gharama zilirudi mabegani mwa wazazi, wakati ambao nyumba nyingi Kagera zilikuwa bado zinajikusanya baada ya vita na Uganda vya 1978 na 1979. Ada ya shule za msingi ilifutwa tena 2001, na tangu Januari 2016 michango ya lazima nayo ikapigwa marufuku. Watoto wakaja kwa wingi. Vifaa havikuja nao.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu wa shule za umma. Hilo lilikuwa jema, kwani mwalimu alipata kitu cha kuandalia somo. Lakini kishikwambi kimoja mbele ya darasa lililofurika hakigusiki na mtoto wa nyuma. Mtoto ambaye mzazi wake ana simu janja hujifunza kuibonyeza nyumbani, asiye na mzazi kama huyo hutazama kwa mbali. Katika visiwa vya Goziba na Ikuza, wilayani Muleba, umbali huongeza gharama ya kila kitu, kuanzia fundi hadi chaja.

Ushuru wa mazao bado unakusanywa na halmashauri zetu kila msimu wa kahawa. Halmashauri za Bukoba na Muleba zitenge sehemu yake kwa vishikwambi vya wanafunzi wa shule za msingi, umeme wa jua wa kuvichaji na mafunzo ya walimu, zianzie visiwani, na ziwasomee wananchi hesabu zake kwenye mkutano wa kijiji.