Watu wa Kale wa Engaruka

Mara nyingi tunasikia watu wakisema kwamba wazee wetu wa zamani hawakuacha kitu, kwa sababu hawakuandika vitabu. Neno hilo si kweli. Mtu akijenga, akilima, akipika, anaacha alama katika udongo, naye ajuaye kuzisoma alama hizo hupata habari nyingi. Leo tutazame mahali pamoja penye alama za namna hiyo: Engaruka, katika Tanzania ya kaskazini.

Mahali penyewe

Bonde la Ufa lina mikono miwili. Mkono wa magharibi unapita kwetu, penye maziwa ya Kivu na Tanganyika. Mkono wa mashariki unakata nchi za Kenya na Tanzania. Huko, kati ya ziwa Manyara na ziwa Natron, si mbali na mlima wa moto uitwao Oldoinyo Lengai, ndipo ilipo Engaruka, chini ya genge kubwa. Nchi ni kavu, na mvua peke yake haitoshi kumpa mkulima mavuno ya hakika. Lakini vijito vinashuka kutoka milima mirefu iliyo juu ya genge.

Kwenye mteremko huo yako mahame ya vijiji saba. Wajenzi walikata mlima, wakasawazisha udongo, wakapanga mbele yake ukuta wa mawe matupu, bila chokaa, ili kiwanja kisiporomoke. Juu ya kiwanja ilisimama nyumba ya mviringo. Viwanja vimepangwa kimoja juu ya kingine, mfano wa ngazi. Chini ya vijiji kuna mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, yapata hekta 2,000, pamoja na mifereji iliyoyaletea maji.

Wachimbuzi na kazi yao

Mwaka 1883 msafiri Mjerumani, Gustav Fischer, alipita huko akayaona mawe. Mwaka 1935 alifika Louis Leakey, mwana wa wamisionari, mzaliwa wa Kabete katika Kenya. Yeye alikadiria nyumba zaidi ya 6,000, akasema kwamba mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 30,000. Baadaye, mwaka 1964 na 1966, alichimba Hamo Sassoon, aliyekuwa mtunzaji wa mambo ya kale katika serikali. Peter Robertshaw alichimba mwaka 1982, naye John Sutton alichunguza mifereji na mashamba kwa miaka mingi.

Mchimbuzi hafukui kama mtu atafutaye hazina. Huondoa udongo tabaka kwa tabaka, akijua kwamba, kama ardhi haikuvurugwa, tabaka la chini ndilo la kale zaidi. Huandika kila kigae, kila mfupa na kila kipande cha makaa kilipatikana wapi. Makaa yana faida kubwa: mti ukikatwa, namna moja ya kaboni iliyomo huanza kupungua kwa kipimo kinachojulikana, hata kubaki nusu baada ya miaka 5,730 hivi. Kwa njia hiyo na nyingine imejulikana kwamba vijiji vya Engaruka vilikaliwa tangu karne ya 15 hivi hata karne ya 18. Mbegu za mtama na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo zilionyesha chakula chao.

Je, kweli walikuwa watu 30,000? Sivyo. Nyumba ya miti na majani huchakaa, na watu hujenga nyingine kando. Mtu akihesabu mahame yote, na kudhani kwamba yote yalikuwa na moto jikoni siku moja, atapata mji mkubwa ambao haukuwako kamwe. Wataalamu waliofuata wanakadiria watu elfu chache tu. Lakini sifa yao haikupungua kwa hesabu hiyo, bali iliongezeka: mikono michache zaidi ndiyo iliyoyabeba mawe yale yote. Tena katika miaka ya 2000 Daryl Stump alionyesha kwamba baadhi ya mashamba yale ni udongo ulioletwa na maji. Watu walipanga mawe, maji yenye matope yakapungua mbio, tope likatuama. Basi hawakulima shamba tu, walilitengeneza shamba lenyewe.

Kwa nini walihama?

Sutton anatazama maji kwanza. Iko mifereji ya kale inayotoka penye vijito ambavyo siku hizi havina maji ya kudumu. Tena ardhi iliyolimwa pasipo kupumzishwa huchoka. Wamasai wanaokaa huko walifika baadaye, wala si wao waliojenga. Wataalamu wengine huwataja Wairaqw wa kusini kama ndugu wa wajenzi, wengine huwataja Wasonjo wa kaskazini-magharibi.

Wasonjo wanatufundisha jambo moja. Wao nao hulima kwa mifereji, na kwa desturi yao baraza la wazee ndilo linalogawa zamu za maji. Mfereji mmoja ukihudumia mashamba mengi, lazima pawe na sheria, na mtu wa juu asimnyime maji mtu wa chini. Kwa hiyo, tukiona mifereji ya Engaruka iliyofanya kazi karne tatu hivi, tunaona pia mapatano ya watu, ingawa hakuna aliyeyaandika.

Basi, ndugu msomaji, ukilima na kukuta vigae vya kale, majivu mengi au mawe yaliyopangwa, usiyavunje wala usiyapeleke nyumbani. Yaache yalipo, angalia yalikuwa katika kina gani, ukamwambie mwalimu au mkubwa wa mahali. Kitu kikiisha kutolewa mahali pake, kimepoteza nusu ya habari zake, na hakuna mchimbuzi awezaye kuzirudisha.