Kidonge cha Minyoo Kutoka Busia Mpaka Nobel: Stori Yote Iko Hapa

Kama ulisoma primo pande za Funyula ama Budalang'i kati ya 1998 na 2001, kuna uwezekano mkubwa wewe ni namba ndani ya moja ya tafiti zinazobishaniwa zaidi duniani. Ulipanga laini, ukapewa kidonge na maji, mtu akaangalia kama umemeza, ukarudi darasani. Hakuna mtu alikuambia kuna maprofesa wangekuja kutoana jasho zaidi ya miaka ishirini juu ya hicho kidonge.

Huku boda tunajulikana kwa malori yamepiga foleni Malaba, kwa magendo, na kwa boda boda, jina ambalo lilizaliwa hapa hapa wakati wasee wa baiskeli walikuwa wanavusha abiria kutoka boda hadi boda. Lakini ukienda kwa vyuo vikuu vya majuu, wakisikia Busia wanafikiria minyoo. Si matusi. Utafiti uliofanywa kusini mwa kaunti hii ndio ulisaidia kusukuma serikali nyingi kupeana dawa za minyoo mashuleni bure.

Minyoo yenyewe ni gani?

Watu husema tu "minyoo" kama ni mdudu mmoja. Ni mbogi nzima. Kuna ile mikubwa ya mviringo, ile mtoto akiitoa choo nyumba yote inapiga nduru. Hiyo huingia kwa mdomo, mayai yake yakiwa kwa mikono michafu ama embe halijaoshwa. Kuna minyoo ya mjeledi, njia yake ni hiyo hiyo. Halafu kuna minyoo ya safura, na huyu ndiye mjanja wa mtaa. Mayai yanatoka na kinyesi kikiachwa kichakani, yanaanguliwa kwa udongo wenye unyevu, kisha kidudu chenyewe kinatoboa ngozi ya mguu usio na kiatu. Kikishaingia kinasafiri na damu hadi mapafu, kinapanda kooni, unakimeza bila kujua, na hapo ndio kinafika matumbo kuanza kunyonya damu. Mtoto anaishiwa damu, macho yanakuwa meupe, anasinzia darasani na mwalimu anadhani ni uvivu.

Wa mwisho ni bilhazia, ama kichocho kwa Kiswahili cha kitabu. Huyu anakulia ndani ya konokono wa maji, akitoka anatafuta ngozi ya mtu aliyeingia majini kuoga, kufua ama kuvua. Ndio maana vijiji vya kando ya ziwa, pande za Port Victoria na Sio Port, vimeumia kuliko vile viko mbali na maji. Bilhazia ya ziwani sanasana ni ya matumbo: choo chenye damu, na baada ya miaka ini na wengu vinavimba. Iko na ndugu yake wa kibofu, anayepatikana zaidi Pwani, na huyo aliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO mwaka 1994 kwa orodha ya vitu vinavyoleta kansa. Kwa hivyo msee akikuambia minyoo ni shida ya watoi tu, mwambie atulie.

Walifanya aje huo utafiti?

Mwaka 1998 shirika la ICS, likishirikiana na ofisi ya afya ya wilaya ya Busia, lilianza kupeana dawa kwa mashule 75 ya msingi, yenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Wachumi wawili kutoka Marekani, Michael Kremer na Edward Miguel, ndio walipima matokeo. Kremer hakuwa mgeni sana Western. Miaka ya themanini alikuwa amefundisha secondary pande za Kakamega.

Vipimo vya kwanza vilishtua: zaidi ya watoto tisa kwa kila kumi walikuwa na angalau aina moja ya minyoo, na asilimia 37 walikuwa nayo kwa kiwango cha kati ama kizito. Kumbuka hiyo ilikuwa enzi ya El Niño, mafuriko kila mahali.

Doo haikutosha mashule yote mara moja, kwa hivyo yaligawanywa makundi matatu ya mashule 25. Orodha ilipangwa kwa alfabeti, halafu wakahesabu moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Kundi la kwanza lilianza 1998, la pili 1999, la tatu likangoja hadi 2001. Ukifikiria vizuri hapo kuna kitu kinauma: mtoto mmoja alipata dawa mapema na binamu yake wa shule jirani akangoja miaka mitatu, kisa na maana ni mahali jina la shule liliangukia kwa orodha. Watafiti husema bila pesa ya wote, lazima mtu angengoja tu, na hapo kulinganisha kukawezekana. Ni jibu, lakini swali bado liko na haki ya kuulizwa.

Dawa zilikuwa mbili. Albendazole kila miezi sita kwa minyoo ya kawaida, na praziquantel mara moja kwa mwaka kwa mashule yaliyokuwa na bilhazia nyingi.

Walipata nini?

Ripoti ilitoka 2004. Utoro wa shule ulipungua kwa robo. Cha kushangaza, hata watoto ambao hawakumeza walifaidika, na mashule ya jirani pia, kwa sababu mtoto aliyetibiwa haachi mayai kwa udongo ambao wengine wanakanyaga. Lakini maksi za mtihani? Zilibaki pale pale. Hiyo sehemu wapenzi wa huu utafiti hupenda kuipita haraka, na haifai kupitwa. Mtoto alikuja shule zaidi, shule yenyewe ikabaki vile ilikuwa.

Sasa ngoja kitu ambacho mimi naona ni kikubwa kuliko vyote. Mwaka 2001 baadhi ya mashule yaliambiwa wazazi wachangie kidogo. Wastani ulikuwa senti 30 za dola kwa mtoto, pesa ambayo wakati huo haikufika hata shilingi 25. Penye dawa ilikuwa bure, watoto 75 kwa kila 100 walimeza. Penye bei, wakashuka hadi karibu 18. Na si wagonjwa zaidi ndio walilipa. Bei ilikata wote. Walijaribu pia kufundisha usafi, watu wavae viatu na wanawe mikono, na tabia hazikubadilika. Ile kali zaidi: wazazi waliokuwa na marafiki kwa mashule yaliyotibiwa mapema ndio walikuwa wagumu zaidi kukubali dawa. Mbona? Watafiti wanasema kama faida kubwa inaenda kwa jirani, na mtoto atapata minyoo tena baada ya miezi kadhaa, mzazi akipiga hesabu ya mfuko wake haoni sababu. Mzazi si mjinga. Hesabu yake tu haimhusishi jirani.

Kuna utafiti mwingine wa kliniki za wajawazito za Busia, Bungoma, Butere na Mumias, ule wa neti za mbu, uliochapishwa 2010 na Jessica Cohen na Pascaline Dupas. Matokeo ni yale yale: neti ikitoka bure hadi shilingi 40, wanaochukua wanashuka kwa pointi 60 za asilimia. Sasa unaelewa kwa nini hii si historia tu. Pesa za afya kutoka majuu zimeanza kukauka, USAID ilifungwa rasmi Julai 2025, na kila mara bajeti ikibana kuna mtu kwa ofisi anasema "wananchi wachangie kidogo tu". Hiyo "kidogo tu" ilishapimwa Busia.

Beef ya wasomi

Mwaka 2015 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walichukua data ya Busia wakaipiga hesabu upya. Wakapata makosa kwa hesabu za kwanza, hasa za faida kwa mashule ya mbali, na wakasema ushahidi wa utoro si mgumu vile ulivyotangazwa. Mtandao ukawaka, wakaiita vita vya minyoo. Wale wa Cochrane, wanaokusanya tafiti zote pamoja, nao wanasema kupatia watoto wote dawa bila kupima hakubadilishi sana uzito, damu wala masomo. Upande wa Kremer na Miguel ulikubali makosa ya hesabu lakini ukasema matokeo makuu yamesimama.

Maoni yangu: Cochrane wanauliza swali la dunia nzima, na kwa sehemu nyingi minyoo si mizito. Budalang'i ya 1998 ilikuwa imejaa minyoo. Dawa ya mafuriko haiwezi pimwa mahali hakuna mvua.

Miaka 20 baadaye

Hao watoto hawakuachwa. Wametafutwa Nairobi, Mombasa, hadi ng'ambo ya mpaka Uganda, wakaulizwa kazi, mshahara, ndoa. Ripoti ya 2016 ilisema wanaume waliopata dawa mapema walikuwa wanapiga kazi saa asilimia 17 zaidi kwa wiki, na madame walikuwa na nafasi kubwa zaidi kwa robo ya kuingia secondary. Ile ya 2021 ikasema waliopata miaka miwili ama mitatu ya ziada ya dawa walikuwa wanatumia pesa asilimia 14 zaidi na kulipwa asilimia 13 zaidi kwa saa. Kisha 2023 ikatoka ile nzito: watoto wa hao watoto. Vifo vya chini ya miaka mitano kwa familia zao vilikuwa chini kwa asilimia 22.

Katikati ya hayo yote, Oktoba 2019 Kremer alishinda Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Kenya nayo ilikuwa imeanza mradi wa kitaifa 2009, watoto milioni 3.6 kwa raundi ya kwanza, ukarudi kwa nguvu 2012 na kufikia zaidi ya milioni 5 kwa mwaka.

Na Malaba je?

Panda kaskazini, Teso. Huko watafiti wa KEMRI na wenzao walipachika ukutani karatasi za dawa ya kufukuza mbu ambazo hazihitaji stima wala moto. Unabandika, unabadilisha baada ya kama mwezi. Mbu wa siku hizi wamezoea dawa za neti na wengine wanauma kabla hujaingia kitandani, ndio maana kitu cha kuongezea kilitafutwa. Matokeo yalitoka kwa jarida la Lancet 2025: maambukizi ya malaria kwa watoto yalishuka kwa karibu thuluthi moja, juu ya neti walizokuwa nazo. Agosti mwaka huo huo WHO ikapendekeza hizo karatasi zitumike pamoja na neti. Tena Busia ilikuwa kati ya kaunti nane zilizopewa chanjo ya kwanza ya malaria tangu Septemba 2019.

Kama unaishi huku saa hii

Albendazole ya miligramu 400 ni dozi moja kwa mtu mzima na mtoto wa kuanzia miaka miwili. Wa kati ya mwaka mmoja na miwili hupewa nusu. Haitibu bilhazia. Praziquantel hupimwa kwa uzito wako, kwa hivyo usikisie, na usinunue ya kukata kata stagini. Kama uko na mimba changa, ile miezi mitatu ya kwanza, usimeze albendazole kabla daktari hajasema. WHO inashauri watoto wapewe dawa mara moja kwa mwaka mahali minyoo imefika mtoto mmoja kwa kila watano, na mara mbili ikiwa imefika nusu yao.

Na kama ulikuwa kwa zile shule 75 na umewahi pigiwa simu na mtu anauliza ulikula nini jana na unalipwa ngapi, hakuwa tapeli wa M-Pesa. Sasa wanafuatilia watoto wako.