Kioo kidogo, ukurasa mpana: kwa nini tovuti zinasumbua kwenye simu

Kila msimu wa maombi ya mkopo na ajira ukifika, steshenari za Kilosa mjini na zile za Mikumi kando ya barabara kuu zinajaa vijana wenye simu janja mkononi. Simu ina chaji, ina bando, lakini bado mtu analipa ajaziwe fomu kwenye kompyuta. Wapo wanaosema vijana wa huku hawajui mtandao. Mimi nakataa. Tatizo kubwa liko kwenye kurasa zenyewe, na linaelezeka.

Tuanze na upana. Kwa miaka mingi watengeneza tovuti walipima kazi zao kwenye kompyuta zenye kioo cha pikseli 800 au 1024 kwa upana. Nokia 3110 classic ya mwaka 2007 ilikuwa na pikseli 128 tu. Ndiyo maana Opera Mini, iliyotolewa rasmi duniani Januari 2006, ilipendwa sana: ukurasa ulipita kwanza kwenye seva zao, ukabanwa, ndipo ukafika kwenye simu ukiwa mwepesi. Toleo la 4, mwaka 2007, lilikuonyesha ukurasa mzima kwa udogo, unasogeza mshale kwa kitufe, unakuza pale unapotaka.

Mwaka huohuo iPhone ikaja na ujanja wake, ambao simu za leo bado zinao. Ukurasa usiposema kwamba umeandaliwa kwa simu, brauza inajifanya ina upana wa pikseli kama 980, inachora kila kitu, halafu inaubana uingie kwenye kioo. Simu nyingi za sasa zinahesabu upana wa kama 360 hivi. Piga hesabu: kila herufi inabaki na zaidi kidogo ya theluthi ya ukubwa wake. Hapo ndipo unapanua kwa vidole viwili, unasoma nusu mstari, unasogeza kulia, ukirudi kushoto umeshapotea. Kwenye vitochi vya KaiOS, vilivyoingia nchini mwaka 2019 na kioo cha pikseli 240, ndio usiseme.

Dawa ipo siku nyingi. Mei 2010 Ethan Marcotte aliandika jinsi ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na kioo, na Aprili 2015 Google ikaanza kuzipandisha kurasa zinazosomeka vizuri kwa anayetafuta kupitia simu. Lakini tangazo la majina ya walioitwa kwenye usaili bado linakuja kama PDF ya ukubwa wa A4, kurasa kibao, herufi kama chawa.

Chukua matokeo ya Baraza la Mitihani. Kurasa zile ni maandishi matupu, nyepesi, hata mtandao ukichechemea zinafunguka, na hilo nalisifu. Ila mstari mmoja unabeba namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, divisheni na masomo yote. Usihangaike kusogeza. Laza simu, bonyeza zile nukta tatu, chagua sehemu ya kutafuta neno ndani ya ukurasa, andika namba yako. Imekuja.

Fomu ndiyo yenye maumivu. Ushauri wa Google ni kwamba kitu cha kubofya kiwe na kama milimita 9, maana kidole si ncha ya kalamu. Sasa wewe unakuta “Futa” imegusana na “Wasilisha”! Kibodi nayo ikitokea inafunika nusu ya kioo, hujui unaandika kwenye kisanduku kipi.

Baya zaidi ni hili: kwenye simu yenye RAM ndogo, ukitoka kwenda kusoma namba ya uhakiki kwenye meseji, ukirudi ukurasa unajipakia upya na ulichojaza chote kimeyeyuka. Usitoke. Vuta pazia la juu, isome hapohapo. Maelezo marefu yaandike kwanza pembeni, kisha uyabandike. Na kontroo namba ina tarakimu 12. Ukifungua menyu ya kulipia inafunika kioo, na ukichelewa inajifunga. Kalamu na karatasi bado vina kazi.

Picha ya cheti uliyopiga inaweza kukataliwa kwa kuwa nzito. Itume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, uipakue tena: itakuwa imepungua. Hakikisha tu maandishi bado yanasomeka.

Mtandao nao. Njia ya Kilosa kwenda Mikumi inapita Ulaya (ndiyo, tunayo Ulaya yetu), na nikiwa njiani huko mawimbi yanakuja na kuondoka, sawa na kwenye ile barabara kuu inayokatiza hifadhini kwa takriban kilomita 50. Kusoma habari poa, ila usibonyeze “Wasilisha” ukiwa ndani ya basi.

Kuhusu Opera Mini: ile hali ya kubana kupita kiasi bado inaokoa MB, lakini ukurasa unafunguliwa kwenye seva zao kwanza. Fomu nyingi hazifanyi kazi humo, na paswedi ya benki au ya mkopo usiiandike humo kabisa.

Ukishindwa kabisa, nenda steshenari, si aibu. Ila akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako na namba yako, na paswedi uichague mwenyewe. Nimeona kijana ametakiwa kurekebisha ombi lake la mkopo zikiwa zimebaki siku mbili, paswedi hana, na ujumbe wa kuibadilisha unaenda kwenye barua pepe ya mwenye steshenari, ambaye alishahamia Morogoro na simu hapokei.